Pete ya Mpira Niliyoikata Mwenyewe

Nyie mnaoshika spana siku hizi mna kasoro moja: hamuogopi. Mnakuja hapa kwangu Chuno kunijulia hali, shikamoo bibi, marahaba, mnakaa barazani na ovaroli zenye mifuko mingi kuliko akili, mnanisimulia mlivyofungua bomba la petroli injini ikiwa bado ya moto. Mnacheka. Mimi sicheki. Jirani wa nyumba ya tatu akiosha brashi ya rangi kwa petroli, mimi huku nywele za kisogoni zinasimama.

Basi kaeni vizuri niwaambie kwa nini. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe na shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo atakayekuta herufi zimelala asizicheke, azisimamishe asome. Nimelala chini ya magari zaidi ya wengi wenu mlivyolala kitandani.

Gereji sikuingia kwa mlango wa mafundi. Niliingia na beseni la ming'oko kichwani. Miaka ya tisini inaanza, nilikuwa nawauzia mafundi ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, na chai ya rangi kwenye uwanja mmoja hapahapa Chuno, uwanja wenye magari mabovu mengi kuliko mazima. Mwenye uwanja alikuwa Mzee Chilumba, Mmakua wa Masasi, mfupi, mkono wake wa kushoto umekunjamana kama bibo lililoanikwa juani. Petroli iliuchoma akiwa kijana. Masikio nayo yalikuwa yameanza kumtoroka. Mimi nikikaa na beseni langu nasikia injini zinavyokohoa, namwambia, "Mzee, ile ya pembeni silinda moja imelala." Siku ya kwanza alinitukana. Siku ya pili alikwenda kuangalia. Siku ya tatu alinipa spana namba kumi akasema, "Mama Somoe, weka beseni chini."

Watu walisema wakachoka. Mwanamke wa Kimakonde, ana mtoto wa kike, hana mume, leo kalala chini ya lori miguu iko nje. Mume yuko wapi? Alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta maisha, akayapata, akakaa nayo hukohuko. Wenzangu kisimani waliniita Baba Somoe. Niliwaacha. Magari ya waume zao yalipogoma walilikumbuka jina langu vizuri.

Mzee Chilumba hakunifundisha kwa daftari, alinifundisha kwa woga. Kila asubuhi kabla hatujagusa kitu cha petroli alininyooshea ule mkono, kisha anasema bismillahi tunaanza. Siku moja nikamwambia, "Mzee, nimeshauona."

"Umeuona," akasema, "hujauogopa. Fundi asiyeogopa petroli ni kuni."

Mwanzoni tulikuwa na magari ya kabureta. Kabureta ni kama mke mwenza, mnagombana asubuhi, jioni mnachambua mchele pamoja. Halafu zikaanza kuingia injini za nozeli, za kupuliza petroli kwa vitundu. Hizo ni kitu kingine. Pampu iko nyuma kwenye tangi, inasukuma petroli mbele kwa nguvu, na petroli inakaa ndani ya bomba imebanwa kama mkojo wa mtoto aliye safarini. Injini umeizima tangu alfajiri, ukilegeza nati saa nne inakurukia machoni. Wengi walijua hivyo kwa macho yao.

Pale mwisho wa bomba la nozeli kuna kidude kidogo, umbo lake kama kikopo cha dawa ya viatu. Ndiyo regyuleta. Ndani yake kuna springi na utando wa mpira. Kazi yake ni kupima ile nguvu: ikizidi inafungua, petroli ya ziada inarudi tangini. Juu yake kuna mpira mwembamba unaokwenda kwenye hewa ya injini. Kwenye gari kuukuu ule utando unachanika, petroli inapita pasipo njia, inanyonywa na ule mpira mwembamba mpaka ndani ya injini. Gari linalewa. Linatoa moshi mweusi, linanuka, likipata moto halikubali kuwaka tena mpaka lipunge upepo.

Nilimwona mtu wa Likombe amebadilisha plagi mara tatu, amebadilisha betri, amekwenda hata kwa mganga, akaambiwa gari limetupiwa jicho. Nikachomoa ule mpira mwembamba nikauinamisha kiganjani kwake. Petroli ikamdondokea. Nikamwambia, "Hilo jicho lako hilo, linatoa machozi." Mwingine alikuwa ameuziba kwa msumari wa inchi tatu. Alisema dada yake ndiye aliyemshauri. Dada yake alikuwa mshonaji.

Kipimo ni hicho, wajukuu zangu. Kabla ya vile vikompyuta vyenu vilivyoingia miaka ya elfu mbili, vya kuchomeka chini ya usukani, kipimo kilikuwa kuchomoa mpira na kunusa. Hakijaharibika mpaka leo.

Sasa nisikilizeni.

Kulikuwa na karani wa bandarini, Bwana Haule, mtu wa Songea, mstaarabu, asiyepita bila kusalimia. Alikuwa na stesheni wagoni la zamani la petroli, injini ya nozeli, na ekzosi ya injini ile imepita upande uleule, chini kabisa ya bomba la nozeli. Likumbukeni hilo. Mzee Chilumba alikuwa na mwaka wa pili tangu afariki, na uwanja nimebaki nao mimi.

Mwaka huo mwanangu Somoe alikuwa mwali. Alikuwa amewekwa ndani kwa bibi yake Likombe, anafundwa, na siku ya kutolewa ilipangwa iwe kwa mjomba wake, kaka yangu Athumani, kule Msimbati. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Na katika ukoo wetu mama mzazi hapandi chombo kimoja na mwali, wala hamtazami usoni mpaka mjomba ampokee. Anafuata baadaye, akiitwa. Kwa hiyo gari la mwali niliomba kwa Bwana Haule, naye akakubali kwa moyo mweupe, akasema ataendesha mwenyewe. Akaongeza, kama mtu anayetaja kitu kidogo, "Ila mama fundi, linanuka petroli siku hizi."

Nilijua kabla sijafungua boneti. Regyuleta imekufa. Nikaagiza Dar, ikaja na basi imefungwa kwenye gazeti, imefika asubuhi ileile ya safari, kwa sababu barabara ya Kibiti enzi zile ilikuwa inaamua yenyewe mzigo ufike lini. Nikafungua gazeti. Regyuleta mpya, nzuri, inang'aa. Pete yake haimo.

Pete hiyo mafundi tunaiita oringi. Ni mpira mdogo kama pete ya kidole cha mwisho, unakaa pale regyuleta inapoingia kwenye bomba. Huo ndio unaozuia petroli isitoke. Ya zamani ilikuwa imekauka kama ganda la muhogo lililoungua, nilipoivuta ikavunjika vipande vitatu.

Mle uwanjani kulikuwa na injini mfu ya aina ileile, na pete yake ningeweza kuitoa. Lakini boliti zake zilikuwa zimeshikwa na kutu ya chumvi ya huku kwetu. Kuzitoa bila kuzikata ni kazi ya kuzilowesha, kusubiri, kugonga kidogo, kusubiri tena. Kazi ya mpaka mchana. Na nje ya uwanja wanawake walikuwa wameshafika na ngoma. Kungwi, Bi Mwanahawa, alikuwa amesimama langoni na kanga mpya, anaimba, na katikati ya wimbo anapenyeza maneno yake.

"Fundi wetu anafunga gari au analinyonyesha?"

Wanawake wakacheka. Mwingine akadakia, "Mwacheni, Baba Somoe anatafuta spana, imepotelea kwenye sidiria."

Nikaona aibu. Nasema ukweli. Nikachukua wembe, nikachukua kipande cha mpira wa ndani wa tairi la lori, nikakata pete. Ya kwanza ilienda upande, nikaitupa kwenye kopo la petroli nilimokuwa nimeoshea boliti. Ya pili ilitoka vizuri, duara kama mwezi. Mpira wa ndani tulikuwa tunaukatia kila kitu: bomba la maji, nati ya oili, kiti cha baiskeli. Nikaipaka oili, nikaivisha, nikasukuma regyuleta mahali pake, nikafunga boliti mbili kwa zamu. Nikarudisha fyuzi ya pampu, nikarudisha waya wa betri, nikageuza swichi bila kuwasha, mara tatu, bomba lijae. Nikapitisha kidole chini. Pakavu. Nikawasha injini, nikanywa chai kikombe kizima inaunguruma, nikapitisha kidole tena. Pakavu.

Kila kitu nilifanya sawa isipokuwa kimoja, na hicho kimoja hakikuonekana kwa muda wa kikombe cha chai.

Wakaondoka kwenda Likombe kumchukua mwali, kisha wakaelekea barabara ya Msimbati. Nikawasikia wanavyopotea na ngoma yao. Mimi nikabaki kukusanya vyombo. Nikanawa, nikavaa gauni langu jema la kusubiria wito. Saa nzima ikapita, labda na zaidi. Bwana shamba Komba akaja na pikipiki yake, ananukia salfa ya kupulizia mikorosho, anataka nimkazie mnyororo. Nikaingiza mkono kwenye lile kopo kutafuta nati.

Kidole changu kikagusa kitu laini. Nikakitoa. Nilidhani ni mnyoo.

Ilikuwa ile pete ya kwanza. Imevimba, imenenepa mara mbili, imelegea kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Nikaibinya, ikakatika.

Hapo ndipo nilipomsikia Mzee Chilumba. Sisemi mzimu, sisemi ndoto, nasema sikio lilikumbuka. Alikuwa ameniambia miaka mingi nyuma, nami nikiwa nakatakata mpira nikapachike kwenye kabureta, akaupiga mkono wangu: "Mpira wa ndani ndugu zake ni upepo na maji. Petroli si ndugu yake. Itaula polepole, kwa adabu, wewe umeshaondoka."

Kwa adabu. Nikasimama pale na ule uji mweusi kiganjani. Pete ya pili, ndugu yake pacha, iko kwenye injini, na injini iko kwenye barabara ya mchanga, na juu ya mchanga injini inachemka, na chini ya pete ipo ekzosi, na kwenye kiti cha nyuma yumo Somoe amefunikwa kanga mpaka usoni, ameambiwa asiseme na asishuke.

"Mama Somoe," Komba akaniuliza, "umeumwa na nini?"

"Pikipiki yako ina mafuta?"

"Ya serikali, yamejaa."

"Nipe dakika."

Mimi ninayewahimiza nyie msiharakishe, dakika ile niliifanya ndefu makusudi. Kwenda kule mikono mitupu ni kwenda kutazama. Nikairudia ile injini mfu. Boliti moja ilikubali. Ya pili sikuibembeleza tena, nilikata kichwa kwa patasi, na nyundo ikapita juu ya kidole gumba, nanyi mnaona kucha hii ilivyo mpaka leo. Pete ikatoka, ngumu, nzima, ya petroli. Nikatafuta cha kuibebea. Kilichokuwepo ni kibiriti. Nikamwaga njiti zote chini, nikazifukia kwa mguu, nikaiweka pete humo. Nikachukua spana mbili na tambara, nikapanda nyuma ya bwana shamba na gauni langu jema.

Sijui niwaelezeje njia ile. Ulikuwa mwezi wa kusafisha mashamba. Mtu wa huku anajua, kabla salfa haijaisha watu wanafyeka chini ya mikorosho, wanakusanya, wanachoma. Tangu Mangamba mpaka Madimba kila upande kuna moshi. Moshi mweupe wa majani, moshi wa njano, halafu kila baada ya kitambo moshi mweusi mmoja mnene, mtu kachoma tairi pamoja na takataka zake. Kila mweusi ulikuwa wa mwanangu. Nilikuwa namwambia Komba, "Ule pale, ule pale kulia," naye anasema, "Ule ni shamba, mama." Tunaupita, ni shamba, mtu amesimama na reki anatupungia mkono. Nami sikumpungia. Mbele tena mwingine.

Madimba tukamuuliza muuza madafu. "Gari la ngoma limepita?"

"Limepita. Linakwenda kwa kusitasita. Lilisimama hapo, wakalisukuma, likawaka."

"Lilikuwa linanuka?"

Akafikiri. "Wanawake wamejipaka mafuta mazuri, bibi. Nilinusa hayo tu."

Baada ya Madimba mchanga unaanza. Pikipiki inacheza kama mlevi, mimi nimemkumbatia mume wa watu bila haya. Nilikuwa nimeshaacha kuomba kwa maneno. Nilikuwa nahesabu tu vitu, kama fundi: petroli ipo, hewa ipo, moto wa ekzosi hautoshi kuwasha peke yake kila mara, unataka cheche. Unataka kaa la moto. Nikajifariji hivyo. Makaa yatoke wapi barabarani.

Ndipo nikakumbuka kinachofanywa mwali akifika.

Tulipoingia kwenye uwanja wa kaka yangu, kule mwisho ambako ukitazama kusini unaona mikoko ya mdomo wa Ruvuma, gari lilikuwa limesimama katikati. Injini inaunguruma, kwa sababu Bwana Haule aliogopa akiizima haitawaka tena. Boneti lote limetandikwa kanga mpya, tatu au nne, zimefungwa kwenye vioo, ndiyo heshima ya gari la mwali. Wanawake wamelizunguka wanapiga makofi. Na Bi Mwanahawa anatoka upande wa jikoni, taratibu, kwa mwendo wa kucheza, ameshika chetezo. Ubani unatoka. Chini ya ubani, makaa mekundu. Anakuja kulifukiza gari, kulizunguka mara saba.

Nikashuka pikipiki haijasimama. Sikupiga kelele. Watu huniuliza kwa nini. Ukipiga kelele mtu aliyebeba moto anashtuka, na anachokishika kinaanguka. Nilikwenda nikitembea, haraka lakini natembea, na hatua kama kumi kabla ya gari pua yangu ikapata. Siyo mafuta mazuri. Petroli mbichi. Na chini ya injini mchanga ulikuwa umelowa, doa jeusi la ukubwa wa ungo.

Bi Mwanahawa aliponiona alikunja uso. Mama wa mwali hajaitwa. "Wewe, kaa nje. Nani kakuita?"

"Nipe chetezo, dada."

"Umepagawa? Hiki hakishikwi na mtu."

Nikakishika. Kwa mikono miwili, chenyewe kimoto, nikamnyang'anya, nikageuka nikatembea nacho kuelekea mbali, na njiani nikasikia makofi yanakoma moja moja. Kulikuwa na mtungi wa maji nyuma ya nyumba. Nikakizamisha chote. Kikalia kama nyoka.

Kuzima chetezo cha mwali, nyie hamjui. Ni kama kumpokonya maiti sanda. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Bi Mwanahawa akasema kwa sauti ya chini, mbaya kuliko kelele, "Umezima baraka ya mtoto wako kwa mkono wako."

Nilikuwa nimeshamfikia Bwana Haule dirishani. "Zima. Shuka. Usifunge mlango kwa nguvu." Yule mstaarabu hakuuliza, alizima. Nikafungua mlango wa nyuma. Somoe yumo, kafunikwa, mikono magotini, natazama ile kanga inavyoingia na kutoka mdomoni kwa pumzi zake. Alikuwa anavuta harufu ile njia nzima na ameambiwa asiseme. Alikuwa hajasema.

"Mwali hakanyagi chini," Bi Mwanahawa akasema nyuma yangu, "mpaka mjomba wake ampokee. Na mjomba yuko kwenye swala."

"Hatakanyaga."

Nikageuza mgongo, nikainama, nikamwambia mwanangu, "Panda." Akapanda. Binti wa miaka kumi na mitatu ana uzito, lakini siku ile sikuuona. Mikono yangu ya oili nikaipitisha nyuma nikamshika, nikatembea naye mpaka mwisho wa uwanja, upande upepo unakotokea. Nikasimama hapo naye mgongoni. Sikumtazama uso. Hata hilo mnaweza kunihesabia.

Kaka yangu akatoka msikitini akakuta uwanja umenyamaza, gari limeachwa peke yake, na dada yake kasimama juani na mwali mgongoni. "Nini hiki?" akaniuliza.

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Bwana Haule alikuwa ameshatoa kanga kwenye boneti. Ile ya chini ilikuwa imelowa pembe nzima, alikuwa ameishika mbali na mwili wake kama mtu aliyeshika samaki aliyeoza. Akawageukia watu akasema kwa ule ustaarabu wake, "Gari langu lilikuwa linavuja. Mama fundi ametuokoa. Alijuaje, Mungu ndiye anayejua."

Na watu wakanitazama kwa namna nyingine. Niliwaona. Hata Bi Mwanahawa. Njia ilikuwa imefunguliwa mbele yangu, pana, imefagiliwa. Nilichotakiwa ni kunyamaza. Gari ni kuukuu, kila mtu anajua. Wanawake walewale walionicheka asubuhi wangeniimba kwenye ngoma mwaka mzima.

Nilisikia moyo wa mwanangu ukigonga mgongoni kwangu. Nikasema, "Hakuna muujiza. Gari la Bwana Haule lilikuwa na kosa moja, mimi nikalitia la pili. Nimekata pete ya mpira wa tairi nikaitia kwenye petroli, na nilishakatazwa. Nilikuwa na haraka kwa sababu mlikuwa mnanicheka. Mngekufa kwa mkono wangu."

Yule wa sidiria akasema, polepole, "Kumbe tungekufa kwa mdomo wetu." Hakuna aliyecheka.

Kaka yangu Athumani akaja, akampokea mwali kutoka mgongoni kwangu, akampeleka ndani. Bi Mwanahawa alikwenda jikoni, akakaa kuwasha makaa mengine, akaongeza ubani, na kabla hajatoka akasimama mlangoni akaniuliza mimi, "Hapa panatosha au nisogee zaidi?" Nikamwambia asogee zaidi. Akasogea.

Nikaungoja upepo uipeperushe harufu. Nikaiacha injini ipoe mpaka niliweza kulaza kiganja juu yake na kuhesabu mia. Nikatoa waya wa betri, nikafunika tambara, nikalegeza. Regyuleta ikatoka na ile pete yangu imening'inia, nusu imetoka nje kama ulimi. Nikavisha ile ya kwenye kibiriti. Baada ya hapo nilikaa nikilitazama mpaka alasiri, siyo kikombe cha chai, mpaka alasiri, napitisha kidole, napitisha kidole. Chakula cha sherehe waliniletea palepale. Bwana Haule akarudi mjini kwa gari lile, nami nikapanda mbele pamoja naye. Alitaka nirudi na Komba, nikakataa. Niliyoyafunga nimeyafunga, nikae nayo.

Somoe ni mama wa baadhi yenu. Ile kanga aliyofunikwa anayo sandukuni, ina viganja vyangu viwili vya oili, kimoja huku na kimoja huku. Tuliifua kwa kila sabuni, haikukubali. Siku hizi haifui tena.

Na ile pete iliyoning'inia kama ulimi niliirudisha nyumbani kwenye kibiriti. Nilitaka niwe nayo kama Mzee Chilumba alivyokuwa na mkono wake. Wiki haikuisha nikafungua. Petroli ilikuwa imekauka, na pete imerudi vilevile: ndogo, duara, safi, nzuri kama nilivyoikata. Huwezi kujua. Ningempa fundi yeyote angesema hii nzima, ivishe.

Ipo mpaka leo. Kila anayekuja kwangu kujifunza namvisha kidoleni, anageuzageuza, anasema, "Bibi, mbona haina kitu?" Sibishani naye. Nampa kopo la petroli na kigoda, namwonyesha mahali pa kukaa, mbali na jiko. Namwambia aitie humo, akae, aingoje.